Chupa Iliyoonyeshwa Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nioshe vioo. Si vioo vya dirisha, bali vile vipande vyembamba tunavyoviita slaidi, ambavyo tone la damu hupakwa juu yake kisha likatazamwa kwa darubini. Nilikuwa na cheti kipya cha ufundi wa maabara, nimekitia katikati ya daftari kisikunjike, nikadhani nitakaribishwa kwenye kiti. Mkuu wa maabara ya wilaya, mwanamume mfupi mwenye koti jeupe lililojaa madoa ya zambarau, alinitazama viatu kwanza, halafu akanionyesha ndoo mbili za slaidi zilizolowekwa kwenye sabuni.

"Osha," akasema. "Ukimaliza, osha tena."

Niliosha wiki tatu. Jioni nilirudi nyumbani Ipyana vidole vimekunjamana, nikimsema yule mzee njia nzima. Wiki ya nne aliichukua slaidi moja niliyokwisha kuiosha, akaiweka chini ya darubini, akaniita nitazame. Pembeni kabisa alikuwepo mdudu wa malaria, amekauka, amenata.

"Huyu ni wa nani?" akaniuliza.

"Wa mgonjwa wa zamani, mzee."

"Leo ungempa mwingine. Ungemtibu mtu kwa malaria ya jirani yake. Mgonjwa haoni tunayoyafanya humu ndani, binti. Anachokiona ni karatasi tu, na ataiamini kuliko anavyojiamini mwenyewe."

Vijana wanaokuja kunitembelea sasa, wale waliosomea maabara zenye mashine zinazojiendesha, huniambia, "Bibi, una hasira." Ninazo. Sikuzirithi, nilizipata kazini, na nitawaeleza nilizipata wapi.

Kwenye maabara ya wilaya nilikaa miaka mingi. Tulipima malaria, choo, mkojo, wingi wa damu, makohozi ya kifua kikuu. Dawa za kutia slaidi rangi tulizichanganya wenyewe, tukazichuja kwa karatasi, tukaandika tarehe kwenye chupa. Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya cha kule pwani ya ziwa, ambako umeme haukuwapo na jokofu letu lilikuwa la mafuta ya taa. Jokofu lile lilikuwa na utambi, kama taa. Utambi ukitoa moshi, baridi inakufa. Mganga mfawidhi wa pale, mtu wa maneno machache, alinikabidhi jokofu kabla hajanikabidhi funguo za ofisi. Nililikagua alfajiri na jioni, Jumapili nikitoka kanisani, na hata siku niliyoshikwa na uchungu wa mwanangu wa pili. Nikajifunza huko kwamba baridi ni kazi, tena kazi isiyo na likizo. Kumbukeni hilo, kwa sababu yaliyofuata yote yanatoka humo.

Kisha ikaja miaka ya soko huria. Madukani vitu vikajaa, betri na sabuni na vitenge vikivuka mpaka kutoka Malawi mchana kweupe, na wenye maduka mjini Kyela wakaanza kucheka na wateja. Kwetu serikalini kilichokuja ni orodha. Ilibandikwa ukutani, yenye majina ya wanaopunguzwa kazi. Langu lilikuwemo. Mume wangu, karani wa bandarini, alilikuta lake mwezi uleule kwenye ukuta mwingine. Tukabaki tunatazamana, na watoto wanne wanatutazama sisi.

Ndiyo maana mradi ulipofika Ipinda nilikwenda mbio. Wafadhili walikuwa wa nje, sitawataja. Walipanga ghala lililoachwa na ushirika uliokufa, wakalipaka chokaa, wakaweka jenereta, friza kubwa na mashine ya kusomea rangi ambayo sikuwahi kuiona. Swali lao lilikuwa hili: kwa nini watu wa bondeni kwetu, wengine wasiogusa pombe, wanaharibika ini? Aliyeongoza shughuli pale aliitwa Mratibu. Alizaliwa hukuhuku, akasoma Ulaya hadi udaktari wa falsafa, akarudi na suti na sauti ya upole. Sisi tulimwita Dokta. Yeye aliniita Mama Lugano, kwa jina la kifungua mimba wangu, na siku ya kwanza alinipa mkono kwa mikono miwili. Nilimheshimu. Nasema hivyo ili mjue sikumchukia tangu mwanzo.

Sasa nifafanue kipimo chenyewe, maana ndipo penye kisa.

Ndani ya kila chembe hai ya mwili mna sehemu iitwayo Golgi. Ukiichora, inafanana na chapati zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kazi yake ni kupokea protini zinazotengenezwa kwenye chembe, kuzimalizia, kuzifunga na kuzipeleka zinakotakiwa. Golgi ina protini zake yenyewe zinazokaa humo kama watumishi wa ghala. Mojawapo huonekana kwa uchache sana katika ini zima, lakini ini likiumwa huongezeka na kuvujia kwenye damu. Ukiweza kuipima kwenye damu, umepata fununu ya hali ya ini bila kumpasua mtu.

Lakini huwezi kupima bila kipimo cha kulinganishia. Unahitaji protini ileile, safi, ambayo kiasi chake unakijua. Huwezi kuikamua kwenye ini la mtu. Basi wataalamu huchukua maelekezo ya kuitengeneza, yaani jeni ya binadamu, wakayapandikiza ndani ya bakteria, na bakteria wale wasiojua wanachokifanya wakaitengeneza protini ya mtu siku nzima. Inasafishwa, inakaushwa, inatiwa kwenye kichupa. Kichupa chetu kilikuwa kidogo kuliko kidole gumba changu. Chini kulikuwa na unga mweupe ambao ungeweza kudhani ni vumbi. Kwenye lebo waliandika kwa Kiingereza kwamba ni kwa utafiti wa maabara tu, isitumike kumpima mgonjwa wala kumtibu.

Kilikuja na karatasi ya maelekezo, nami niliisoma mara nne. Ilisema: yeyusha unga kwa maji safi ya kipimo, kisha siku hiyohiyo gawa kwenye vichupa vidogovidogo, gandisha, na kila kimoja ukiyeyushe mara moja tu. Usiyeyushe ukagandisha tena. Protini ni uzi uliokunjwa kwa ustadi. Kila ukiigandisha na kuiyeyusha, baadhi ya nyuzi zinakunjuka, na uzi uliokunjuka hausomeki tena kwenye kipimo.

Nikauyeyusha unga, nikapanga vichupa vyangu ishirini kwenye barafu, tayari. Mratibu akaingia.

"Unafanya nini, Mama Lugano?"

"Nagawa, Dokta. Maelekezo ndivyo yanavyosema."

Akaishika ile chupa kwa ncha za vidole, akaitazama lebo yake ya rangi mbili na kifuniko chake cha fedha. "Hii ni chupa moja tu Tanzania nzima, labda," akasema. "Wageni watakuja. Nikiwaonyesha hivyo vijichupa vyako visivyo na jina, watasema tumechemsha uji wa mtoto. Iache nzima."

"Itakufa, Dokta."

"Haitakufa. Utakuwa unachota kidogo na kuirudisha."

Wenyeji wa Kyela mtaelewa kilichokuwa kichwani mwake. Kwetu mgeni wa heshima huonyeshwa kuku angali hai kabla hajachinjwa, ili ajue kwamba amechinjiwa yeye, tena kwamba ni jogoo hasa. Usipomwonyesha, utamlisha nyama na bado atalalamika njiani kwamba hakupewa kitu. Dokta alisoma Ulaya miaka saba, lakini hapo alikuwa mwenyeji mwenye jogoo. Na mimi, niliyelala na utambi wa jokofu miaka yote ile, nikafunika vichupa vyangu nikavirudisha kabatini. Hilo ni kosa langu la kwanza, nalihesabu.

Wageni walikuja kweli. Wa mkoa walikuja, wa wizara wakaja, wafadhili wakaja na wake zao, waandishi wa habari wakaja, na waheshimiwa waliokuwa wakijipitisha kabla ya uchaguzi nao hawakukosa. Kila mara nililetewa ujumbe: "Mama Lugano, tuletee." Nikaileta kwenye sahani iliyotandikwa kitambaa cheupe. Ikapita mkono kwa mkono. Mheshimiwa mmoja aliinyanyua juani mlangoni, akaitikisa sikioni kama anayesikiliza saa, akasema, "Kumbe ndiyo hii." Ikirudi kwangu, ilikuwa maji. Nikairudisha kwenye friza, ikaganda tena. Nilikuwa naweka alama ya kalamu ukutani nyuma ya friza kila ilipotolewa. Siku moja nilizitazama alama zile nikaacha kuziongeza, kwa kuwa ziliniumiza macho.

Wakati huohuo kule vijijini watu walikuwa wameanza kuchoka nasi. Mradi ulichukua damu Ipinda, Ipyana na Busale, na kila baada ya miezi kadhaa ulirudi kuchukua tena. Kwenye mkutano wa Busale, ndani ya darasa la shule, bibi mmoja alisimama akasema, "Mmetuchota mara tatu. Kisima kikichotwa, angalau aliyechota anarudi na habari kwamba maji ni matamu au ni machungu. Sisi mbona hamtuambii?"

Alikuwa na haki yule bibi. Darasa zima liliguna naye. Mratibu akaona watu wanaanza kutoka, na bila damu yao hakuna mradi. Akapaza sauti kwamba kuanzia sasa kila mtu atapewa jibu lake kwenye karatasi.

Njiani kurudi nilimkumbusha maneno ya lebo.

"Nani Busale anasoma lebo?" akanijibu, na hakuwa anacheka.

Karatasi zilichapwa, ndogo, zenye nafasi ya jina na mstari mmoja: Ini ni la kawaida, au, Ini limeathirika. Chini, mhuri wa bluu wa mradi. Mhuri aligonga yeye. Majina na majibu niliandika mimi, kwa mkono, kwa sababu mwandiko wangu ulisifiwa. Niliandika karatasi nyingi. Moja ilikuwa ya Tata Asajile; tata kwetu ni baba.

Alikuwa mkulima wa Busale, mtu mzima wa makamo, mzee wa kanisa, mrefu, mwenye mazoea ya kuvua kofia anapoongea na mtu yeyote, hata mtoto. Alikuwa na majaruba mawili ya mpunga na shamba la migomba juu kidogo. Aliipokea karatasi yake akaisoma, akasubiri wenzake wote waondoke, ndipo akanisogelea.

"Limeathirika maana yake nini, mama?"

"Ini lina shida, tata. Kula vizuri. Acha pombe."

"Mimi sinywi."

Nikamwambia aende hospitali akijisikia vibaya. Akavaa kofia yake. "Kaka yangu alikufa kwa ini," akasema. "Tumbo lilijaa maji. Ndaga fijo, mama." Akanishukuru, akaondoka. Sikujua alikuwa anakwenda kufanya nini.

Sasa niwaeleze nilivyogundua. Kila unapopima, unaweka na damu moja unayoijua, ili kipimo chenyewe kipimwe. Pale mwanzo hatukuletewa damu hiyo, nikatumia yangu. Nilijitoa damu siku moja, nikaizungusha kwenye mashine, nikachukua yale majimaji ya juu, nikayagawa kwenye vichupa vidogo, na hivyo hakuna aliyenikataza, maana hakuna mgeni anayetaka kuona damu ya Mama Lugano. Kila sahani ya vipimo, yenye vishimo vidogo tunavyoviita visima, ilikuwa na tone langu kwenye kisima cha mwisho. Tone langu lilisomeka kawaida. Baada ya muda likaanza kupanda. Likapanda tena. Siku moja mashine ikasema ini langu limeathirika.

Sitawadanganya, niliogopa. Nilikaa kwenye kigoda cha maabara nikajishika ubavu, nikaanza kuwagawa watoto kwa ndugu zangu kichwani: huyu aende kwa nani, huyu kwa nani. Labda nusu saa nzima. Kisha yule mzee wangu wa slaidi akanijia akilini nikajiuliza swali lake: hii ni ya nani, na ni ya lini? Nikasimama. Damu ile niliitoa siku moja. Imekaa kwenye friza muda wote. Damu iliyogandishwa haiwezi kuugua.

Basi kilichobadilika si damu. Ni chupa.

Chukueni debe la kupimia mchele. Mtu akilibonyeza kitako likawa dogo, mchele uleule utatoka madebe mengi zaidi, na mwenye shamba atasema mwaka huu tumevuna. Chupa yetu ilikuwa debe lililobonyezwa. Ilisema ina protini kumi, kumbe imebaki na nne, sita zimekufa mikononi mwa waheshimiwa. Kila damu iliyolinganishwa nayo ilionekana imejaa. Watu wazima, wenye maini mazima, tulikuwa tunawaandikia ugonjwa kwa mwandiko mzuri.

Nilimwendea Mratibu na daftari. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

"Una hakika?"

"Nina hakika, Dokta. Tazama damu yangu."

Akapitisha kidole kwenye namba, mstari kwa mstari. Alielewa, hakuwa mjinga, na hilo ndilo linalonikera hadi leo. "Nitaagiza chupa nyingine," akasema. "Kimyakimya. Hii utaigawa upendavyo."

Chupa ya pili ilikuja. Niliigawa asubuhi ileile kwa mikono yangu, mlango nikiwa nimeufunga kwa komeo. Tukapima upya damu zote tulizohifadhi. Wengi wa walioandikiwa limeathirika walikuwa wazima. Asajile alikuwa mzima kabisa, pengine ini lake lilikuwa zuri kuliko la Dokta. Taarifa kwa wafadhili ikasahihishwa. Profesa wa huko aliandika barua ya kupongeza umakini wa maabara ya Ipinda. Nikaandaa karatasi mpya, nikazipeleka zigongwe mhuri.

"Za nini?" Mratibu akauliza.

"Za kuwarudishia watu, Dokta. Wajue ni wazima."

"Mama Lugano, ukiwaambia watu tulikosea, nani atatupa mkono wake tena? Namba zimeshasahihishwa."

"Na watu?"

"Watu hawakupewa dawa yoyote mbaya. Hakuna aliyedhurika. Watajiona wazima wenyewe." Akafungua droo, akaweka mhuri ndani, akafunga.

Hapo ndipo ningepaswa kutoka na kwenda Busale. Sikwenda. Nilikuwa na watoto wanne, na mume anayeshinda kwenye kibaraza akisubiri bandari imwite. Nilinyamaza misimu miwili ya mpunga. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote kuhusu anayeficha uzima wa mwenzake. Huyo hakuna kinachomuumbua. Anapokea mshahara na kwenda kanisani.

Aliyenisukuma kuchukua hatua ni mama mmoja muuza ndizi sokoni Ipinda, bila yeye kujua. Alikuwa anacheka na mwenzake kuhusu mtu wa kwao Busale. Alipita mwanamume mrefu na jembe begani, nao wakaitana, "Marehemu anapita, mpisheni Marehemu." Nikageuka. Alikuwa Asajile. Nikauliza mbona wanamwita hivyo.

"Kwani hujui?" yule mama akasema. "Aliaga. Alipewa karatasi na watu wa damu kwamba anakufa, akaita ukoo mzima, akagawa mali, akaombewa. Majaruba na migomba akampa mdogo wake amlelee watoto. Basi tumemsubiri, tumemsubiri, tata wa watu hafi."

Nilinunua ndizi ambazo sikuzihitaji. Asubuhi yake nilipanda baiskeli hadi Busale.

Nilimkuta kwenye shamba lake, yaani lililokuwa lake, akipalilia. Mdogo wake, Gwamaka, alikuwa amesimama kivulini akimwonyesha pa kupita. Migomba mingi ilikuwa imekatwa, na miche ya kokoa ilikuwa imeshika, mistari kwa mistari, kwa kuwa wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia Kyela na kila mtu alitaka kokoa. Asajile akavua kofia, akanisalimu.

"Ugonile, mama."

Nilisema yote nikiwa nimesimama na baiskeli mkononi. Nikasema chupa iliharibika, kipimo kilidanganya, damu yako tumeipima tena, ini lako ni zima, lilikuwa zima siku ile. Nilitegemea atapiga kelele. Alitazama jembe.

"Mwaka wa kwanza niliona kwamba sifi," akasema taratibu. "Lakini mtu ukishagawa urithi wako, unarudije kwa ndugu kuwaambia umepona? Wataona uliwachezea."

"Basi mrudishie, mimi ndiye ninayesema," nikamwambia Gwamaka. "Mali ilitolewa kwa kosa letu."

Gwamaka hakuwa mtu mbaya wa sura wala wa maneno. Alisema, "Mama, mimi nimepanda kokoa. Na kaka alinipa mbele ya ukoo, kwa karatasi yenye mhuri. Wewe una karatasi?"

Nilirudi kwa Mratibu siku hiyohiyo, nikamwambia habari za Asajile, kwa jina, na kwamba wanamwita Marehemu. Nadhani aliumia kidogo. Kisha akasema, "Nikimgongea mhuri mmoja, watakuja wote." Nikamwambia waje. Akasema mkataba wangu unakaribia mwisho, nifikirie watoto.

Nilifikiria watoto. Halafu nikaandika karatasi kwa mkono wangu, nikaeleza chupa, wageni, kipimo, kila kitu, nikatia sahihi, nikaipeleka kwenye kikao cha wazee wa kijiji. Wakaiweka mezani sambamba na ile ya kwanza. Mwenyekiti alizilinganisha kwa muda. Moja ilikuwa ya uongo na ilikuwa na mhuri wa bluu. Moja ilikuwa ya kweli na haikuwa na kitu. Gwamaka akasogea, akainama mezani, akasema bila hasira, "Wazee, zote mbili ni mwandiko wa mama huyuhuyu. Tuamini ipi?"

Kikao kilisema mali ibaki ilipo kwa amani ya ukoo, na kaka apewe kibarua kwa mdogo wake kila msimu asilale njaa. Waliona wamefanya wema.

Mkataba wangu haukuongezwa. Wengine waliobaki na karatasi zao niliwafuata mmoja mmoja kwa baiskeli, niliowapata, na kwa wengi ilikuwa rahisi, walicheka wakaichana. Mradi ulifungwa baadaye kwa heshima, kwa hotuba. Mratibu akapanda vyeo, na nasikia katika mihadhara yake hueleza jinsi maabara ndogo ya kijijini ilivyogundua yenyewe kwamba kipimo chake kimeharibika. Hasemi kiliharibikaje. Mimi nilimalizia kazi kwenye maabara binafsi ya mjini, nikipima malaria kama nilivyoanza, hadi macho yakakataa darubini.

Ninyi mnaoingia kazini sasa, sina furushi la nasaha la kuwafungia. Gaweni chupa siku ya kwanza. Mgeni akitaka kuona, mwonyesheni ukuta. Mkiandika kosa kwenye karatasi ya mtu, msisahihishe daftari kwanza, nendeni kwake kwanza, siku hiyohiyo, hata kwa miguu. Na bosi akiwaambia hakuna aliyedhurika, mwombeni awatajie majina ya aliowatembelea akaona hawakudhurika.

Kila baada ya mavuno, Tata Asajile huja kwangu Ipyana na baiskeli. Ameinama sasa, lakini ni mzima. Kwenye kiti cha nyuma hufunga mchele, ule wetu unaonukia hadi kwa jirani, sehemu ya ujira wake wa kupalilia na kuvuna kwenye majaruba yaliyokuwa yake. Huuteremsha mlangoni, huvua kofia, husema ameniletea kwa sababu katika watu wote wa mradi ni mimi peke yangu niliyerudi. Mara ya kwanza nilikataa, akasimama pale na mfuko mikononi, akaona aibu yeye, ikanibidi niupokee. Husema ndaga fijo, mama. Husimulia habari za wajukuu, hunywa chai, huenda zake.

Mchele ule naupika na kuula. Kila mwaka nikisikia kengele ya baiskeli yake njiani, naomba safari hii aje mikono mitupu, asimame mlangoni, anitukane.